Yeye Anakula Nini?

Somo: Yohana 21:1–14

Saa hizi za jioni moto unawaka katika nyumba nyingi, na huenda wewe unanisikiliza huku umeshika mwiko. Usiuweke chini. Mazungumzo yetu ya leo ni ya jikoni, nawe utayafuata vizuri kuliko sisi ambao huketi sebuleni tukingoja kuitwa mezani.

Somo letu mwalijua. Wanafunzi saba wamekesha wakivua samaki katika bahari ya Tiberia wasipate kitu. Alfajiri wanamwona mtu amesimama ufuoni, nao hawamtambui. Anawaambia watupe wavu upande wa kulia, nao unajaa samaki wakubwa 153. Mara nyingi sisi wahubiri hukomea hapo kwenye wavu, maana samaki wengi hupendeza kuhubiri. Lakini tuendelee kidogo. Waliposhuka nchi kavu waliona moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na juu yake samaki, na mkate pia. Bwana alikuwa amepika. Yeye aliyeshinda mauti, ambaye malaika humsujudia, aliwatazama watu waliochoka na wenye njaa, akawapikia chakula cha asubuhi, akawaita waje wale, kisha akawagawia kwa mkono wake mwenyewe.

Nilipokuwa chuo cha theologia tulilisoma somo hili katika Kigiriki. Mwalimu wetu alitueleza kwamba neno anthrakia, yaani moto wa makaa, lapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote: hapa, na tena katika sura ya 18, pale Petro alipokuwa akiota moto uani kwa Kuhani Mkuu, akamkana Bwana wake. Kwenye moto wa makaa alimkana, na kwenye moto wa makaa alipikiwa. Niliyaandika hayo katika daftari, na katika mtihani nikapata alama nzuri. Basi neno la moto wa makaa nililijua hata kwa Kigiriki. Moto wa makaa wenyewe, hata nilipofika umri wa miaka 38, sikujua kuuwasha.

Nataka kuwasimulia yaliyotupata nyumbani kwetu mwaka 2018. Mke wangu amenipa ruhusa, ila kwa sharti moja, kwamba nisijifanye mwema kuliko nilivyokuwa.

Tulikuwa tukikaa katika nyumba ya kanisa, karibu na mji wa Voi, si mbali na barabara kuu iendayo Mombasa. Nyumba ya mchungaji, kama mjuavyo, haikosi wageni, na nyumba iliyo karibu na barabara huwakosa kidogo zaidi. Akishuka mtu katika basi hana nauli ya kuendelea, huonyeshwa kwetu. Wakija wazee wa kanisa kwa kikao, hawaondoki bila kula. Utaratibu wetu ulikuwa ule niliouona kwa baba yangu. Wageni waliketi mezani, nami pamoja nao. Watoto waliketi mkekani. Mama watoto alikuwa jikoni. Sahani zilikuja, nikaomba baraka, tukala. Wageni walisema mama mchungaji ana mkono mzuri, nami niliitikia kana kwamba mkono ule ni wangu.

Mtu angeniuliza wakati ule kama nampenda mke wangu, ningemshangaa. Sikuwahi kumpiga. Pombe sikunywa. Mshahara nilimkabidhi. Tena nilikuwa nimehubiri Waefeso sura ya 5 katika harusi nyingi, na watu wakasema Amina.

Jumapili moja ya Februari tulitembelewa na kwaya ya kanisa jirani. Akina mama walikuwa wakipika chini ya mwembe nyuma ya kanisa, na mke wangu alikuwa miongoni mwao. Aliinua sufuria ya wali. Wale waliokuwapo waliniambia kwamba aliiweka chini polepole, wali usimwagike, akaushika mti, kisha akaanguka. Mimi nilikuwa ndani nikiaga watu mlangoni.

Hospitalini walimpima damu. Mama mzima asiye mja mzito anatakiwa awe na gramu 12 za himoglobini au zaidi katika kipimo chao. Yake ilikuwa 6. Walimlaza papo hapo, wakatafuta damu ya kumwongeza. Jioni daktari, dada kijana mwenye miwani, aliniita pembeni.

"Mchungaji," akasema, "mama anakula nini?"

Nikamjibu bila wasiwasi. Nikamwambia kwamba tunakula vizuri, twamshukuru Mungu. Sima kwa mboga, maharagwe, wali siku nyingine, nyama mara moja kwa wiki, na zaidi tukiwa na wageni.

Alinisikiliza hata nikamaliza. Kisha akasema kwa upole, "Sikuuliza mnakula nini. Nimeuliza yeye anakula nini."

Wapendwa, nilifungua kinywa nikakosa neno. Tulikuwa tumeoana miaka 14. Nilijua anapenda wimbo gani na anaogopa nini. Lakini nilipojaribu kumwona katika mawazo yangu akiwa ameketi, sahani mbele yake, anatafuna, sikumwona. Nilimwona akibeba sahani, akiosha sahani, akitia mchuzi katika sahani ya mtu mwingine. Nikamwambia daktari kwamba nitamletea jibu.

Siku tatu za kwanza akina mama wa kanisa walituletea chakula. Siku ya nne nikawaambia, "Mama zangu, Mungu awabariki, sasa tutajiweza." Nilisema hivyo kwa kiburi tu. Sikutaka isemekane kwamba mchungaji hawezi kulisha watoto wake watatu. Kifungua mimba wetu ni mvulana, wakati ule alikuwa na miaka 13. Wa pili ni binti, alikuwa na miaka 10. Na kitinda mimba, mvulana, alikuwa na miaka 6.

Jioni ile nilijaza makaa katika jiko, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Moto ulipanda hata ukaniunguza nyusi, kisha ukazimika. Nikamwaga tena. Mara ya tatu binti yangu akaniondoa kwa adabu. "Baba, niachie mimi." Alipanga makaa madogo chini, akatia kipande cha karatasi, akapepea kwa kifuniko cha ndoo, na moto ukashika. Nilisimama nyuma yake nimevaa kola yangu, nikijifunza.

Sima, au ugali kama wengi wenu mnavyouita, nilidhani ni maji na unga basi. Maji yalipochemka nilitia unga wote kwa mara moja. Yakatokea madonge yenye unga mkavu ndani, na uji nje. Nikaongeza unga ikawa ngumu. Nikaongeza maji ikawa uji. Nikaongeza unga tena, na hivyo hivyo hata sufuria ikajaa pomoni. Kijana wangu mkubwa akachungulia, akaniuliza, "Baba, unawakumbuka wana wa manabii?"

Alikuwa amejifunza hadithi ile katika Shule ya Jumapili. Ni katika Wafalme wa Pili, sura ya 4. Palikuwa na njaa, na mtu mmoja akaenda porini akachuma matunda asiyoyajua, akayakatia katika chungu, na wenzake walipoonja wakapiga kelele kwamba mna mauti ndani ya chungu. Nabii Elisha akatia unga, na chakula kikafaa. Nikamwambia mwanangu kwamba Elisha alitia unga mara moja, nami nimekwisha kutia mara nne. Tulicheka hata tukakaa chini. Kisha tukala mkate kwa chai.

Kesho yake yakawa maharagwe. Hakuna aliyeniambia kwamba hulowekwa kwanza. Niliyainjika saa kumi na mbili jioni, na saa tatu usiku yalikuwa bado kama kokoto, makaa yamekwisha, na yule mdogo amelala na njaa huku ameegemea mlango wa jikoni. Nilimbeba kitandani. Usiku ule sikucheka.

Nakumbuka zaidi siku ya tatu ya upishi wangu. Nilikuwa nimepata nyama nusu kilo, nikaikata vipande 12. Tulikuwa watu wanne, kila mtu vipande vitatu. Hesabu ilinipendeza. Sima safari hii ilikubali, kwa kuwa binti yangu alinisimamia. Nilikuwa nimeshika upawa ili nipakue, nikasikia hodi. Mwinjilisti wetu na wazee wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kunipa pole ya mgonjwa. Huwezi kumwacha mgeni mlangoni na harufu ya nyama inamfikia. Karibuni, karibuni, ketini.

Nikarudi jikoni nikaitazama sufuria. Vipande 12, watu saba. Wageni watatu nikawapa viwili viwili. Watoto watatu nikawapa viwili viwili. Sahani yangu ikawa na mchuzi. Sima nayo nikaikata, wageni kwanza, kisha watoto, ikaisha. Pakabaki ukoko chini ya sufuria.

Nilisimama pale, na nadhani nilisimama muda mrefu kidogo. Ukimpunguzia mgeni, ni aibu ya nyumba. Ukimpunguzia mtoto, atauliza. Sahani moja tu waweza kuipunguza bila mtu yeyote kusema lolote, nayo ni ya mpishi, maana mpishi hali mbele ya watu.

Nikapeleka chakula mezani. Mzee mmoja akasema, "Mchungaji, nawe keti ule pamoja nasi." Nikamjibu, "Kuleni tu, mzee wangu, mimi nimekwisha kuonja jikoni." Maneno yale yalipotoka kinywani mwangu niliyatambua. Yalikuwa maneno ya mke wangu. Nilikuwa nimeyasikia kutoka nyuma ya mlango ule mamia ya mara, nami nilimshukuru Mungu kwa kunipa mke asiye na makuu.

Wageni walipoondoka niliketi juu ya kigoda jikoni, nimechoka. Binti yangu akaniletea kikombe cha chai, na ukoko ameukwangua akautia juu ya kifuniko cha sufuria.

"Nani amekufundisha hivi?" nikamwuliza.

"Mama hula hivi, Baba," akasema. Kisha akaongeza, "Akila."

Nilipokuwa nikikusanya sahani za watoto niliona jambo jingine. Mifupa katika sahani ya yule mdogo ilikuwa mingi kuliko nyama niliyompa. Nikamwuliza binti yangu kama alikula nyama yake. Akatazama chini akasema yeye si mpenzi wa nyama. Na mtoto huyu, tangu apate meno, alikuwa akiipenda nyama kuliko ndugu zake wote wawili. Alikuwa na miaka 10, na tayari alikuwa amekwisha kusoma katika nyumba ya mchungaji somo ambalo sikujua kwamba lafundishwa humo.

Asubuhi nilimpelekea daktari jibu lake. "Chai na ukoko," nikamwambia. Hakushangaa. Aliandika katika faili, akanieleza mambo ambayo nami nawaeleza ninyi, maana yatawafaa. Mwanamke ambaye bado yumo katika umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi, kwa hiyo ahitaji madini ya chuma kupita mwanamume. Miligramu 18 kwa siku, na mwanamume mzima 8 zamtosha. Yeye ndiye anayehitaji zaidi, naye ndiye anayeachiwa mchuzi. Madini hayo yamo katika maini na nyama na samaki, hata omena. Yamo pia katika maharagwe, kunde na mboga za majani, lakini ya mimea mwili huyapokea kwa shida, na ndimu au chungwa katika chakula husaidia. Chai nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huyazuia. Afadhali ingojwe saa moja au mbili. Tena akasema kwamba kuna magonjwa mengine yanayopunguza damu, hivyo mtu asijigange mwenyewe, apimwe.

Mke wangu alirudi nyumbani baada ya siku tisa, akiwa na vidonge vyake na maagizo ya kula maini. Maini niliyapika mimi, yakawa kama soli ya kiatu. Aliyatafuna kwa subira siku mbili. Siku ya tatu nikasema twende tukale hotelini.

Kulikuwa na fedha kidogo nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kanzu mpya. Jumamosi tukavaa, tukaenda wote watano katika hoteli moja ya barabarani, ya kawaida tu, bei zimeandikwa ukutani kwa chaki. Nyumba yetu haikuwa na mazoea hayo. Kitinda mimba, chakula kilipoletwa, akamwuliza mhudumu kwa sauti kuu kama katika hoteli hii watu huomba, na kabla hajajibiwa akapanda juu ya kiti, akafumba macho, akaombea chakula cha hoteli nzima. Madereva wa malori walivua kofia. Mmoja akasema Amina kuliko washirika wangu wengi.

Mke wangu alisoma bei zile kuanzia chini, akaagiza chai na chapati. Nikamwambia mhudumu asimsikilize, amletee maini ya kukaanga, mchicha, sima na chungwa. Mhudumu alipoondoka, mke wangu akainuka. "Wapi?" nikamwuliza. Akasema aende kumsaidia yule mama wa jikoni, maana watu wamejaa. Nikamshika mkono akaketi, lakini aliketi kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa.

Maini yakaja, sahani imejaa. Akaisogeza karibu. Kisha, bila kufikiri, kama vile mtu anavyofukuza nzi, akakata akampa mkubwa, akakata akampa binti, akakata akampa mdogo, akakata akaninyoshea mimi. Sahani yake ikabaki na mchicha.

Hakuna aliyekula. Watoto walinitazama mimi. Ndipo yule mdogo akachukua kipande chake kwa vidole, akakirudisha. "Mama," akasema, "daktari alisema hii ni ya damu yako." Wa pili akarudisha. Wa kwanza akarudisha. Nami nikarudisha.

Akala. Sisi tulikuwa tumekwisha kumaliza vyetu, tukangoja. Alikula polepole, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba hutafuna upande mmoja tu, wa kushoto. Nikamwuliza mbona. Akasema jino la kulia lamwuma, tangu alipokuwa na mimba ya huyu mdogo. Huyu mdogo alikuwa na miaka sita! Nilikuwa nimezunguka nyumba za washirika nikiombea meno ya watu, na hilo la nyumbani sikulijua, kwa sababu halikuwahi kutafuna mbele yangu.

Tulipokuwa tukiondoka nilichungulia dirisha la jikoni la hoteli ile. Mpishi alikuwa amesimama, anakula harakaharaka juu ya kifuniko cha sufuria.

Wapendwa, mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya meza yao, katika Waraka wa Kwanza, sura ya 11. Walikutana kwa karamu ya Bwana, na mmoja akaona njaa huku mwingine amelewa. Wachunguzi wengi wa mambo ya kale hueleza kwamba chumba cha kulia katika nyumba ya tajiri kilitosha watu wachache, na wengine walikaa uani. Tena mtumwa au kibarua hakuweza kufika mapema, maana kazi ilikuwa haijamwachilia. Alipofika alikuta sahani tupu. Paulo aliona kwamba hayo si mambo madogo ya adabu. Aliwaambia kwamba karamu ya namna hiyo si ya Bwana hata kidogo, na kwamba wanawatahayarisha wasio na kitu. Na dawa aliyowapa ni rahisi hata mtoto aielewe. Wangojane.

Somo hilo nililihubiri mara nyingi, na kila mara nililielekeza kwa matajiri. Sikujua kwamba Korintho ilikuwa hatua tatu kutoka kiti changu, upande wa pili wa mlango. Katika Kitabu chetu cha Sala cha zamani imeagizwa kwamba mchungaji apokee kwanza mkate na divai, kisha awape watu. Sina ugomvi na agizo hilo, lina maana yake. Kosa langu ni kwamba nililichukua nikaenda nalo nyumbani.

Basi tulibadilisha. Sufuria ikatoka jikoni ikawekwa mezani, na hakuna kupakua mpaka mpishi ameketi. Akiongezeka mgeni, kila sahani inapunguzwa, na ya kwangu ikitangulia. Wanangu wakajifunza kusonga sima, na Jumamosi tunapika sisi wanaume. Msidhani kwamba ilikuwa rahisi. Mzee mmoja aliniambia kwamba mchungaji ametawaliwa. Na mke wangu mwenyewe, miezi ya kwanza, hakupenda. Alisema, "Mnanitazama nikila kama mtu aliyeshtakiwa." Alikuwa na haki. Tulikuwa tukimtazama kweli. Tukajifunza kumwacha ale bila kumkodolea macho. Jino lake lilitibiwa mwezi wa Mei. Damu yake ilipopimwa mwezi wa Agosti ilikuwa imepita 12. Binti yetu alikawia zaidi kuliko mama yake. Kwa muda mrefu aliitazama sahani ya mdogo wake kabla ya kula, na hata sasa, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, wakija wageni naona mkono wake wasita.

Desemba ya mwaka ule mama yangu mzazi alishuka kutoka milimani kutuamkia. Alileta maharagwe, mihogo na malenge, akatupikia kimanga, chakula cha kwetu Taita ambacho hupondwapondwa pamoja. Kilipoiva tukakileta mezani, tukaketi wote, kiti chake tukakiacha. Hakuja. Nikamfuata jikoni nikamkuta anakwangua sufuria.

"Mama, tunakungoja."

"Kuleni, mwanangu. Mimi nimekwisha kuonja."

Nikaketi juu ya kigoda karibu naye. Sisi tulizaliwa saba. Baba alikuwa na wageni kama mimi. Nikamwuliza, "Mama, tulipokuwa wadogo, wewe ulikuwa ukila nini?"

Akacheka. "Mlikuwa mkishiba," akasema.

Nikamwuliza tena.

"Nimekuambia," akasema, huku akikwangua. "Mlikuwa mkishiba."

Nilimwomba sana. Mwisho alikubali kuja, lakini si mezani. Aliketi kwenye mkeka pale mlangoni, mguu mmoja sebuleni na mwingine jikoni. Mke wangu akachukua sahani yake, akatoka mezani, akaketi mkekani karibu naye. Watoto wakafuata, nami nikafuata, tukala kimanga pale mlangoni, na mtu aliyetaka kupita alituruka.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyewasha moto wa makaa ufuoni, ukawapikia waliokesha bure na yule aliyekukana, waangalie jioni hii wote walio jikoni, nyumbani na hotelini na katika shule zetu. Umtie nguvu mama anayesonga sima huku kichwa chamzunguka. Uwatunze mama zetu wazee, ambao hatukuwauliza. Amina.